Daktari wa Ng'ombe Aliyekataa Kufungua Mdomo

Daktari wa ng'ombe wa Ruiru hakuwa mtu wa kuuliza habari. Alikuwa anakuangalia kutoka mabegani mpaka kiunoni, anafunga jicho moja, halafu anakuambia kilo zako. Mimi aliniambia siku ya kwanza tulipokutana, hapo mnadani Thika, kabla sijafungua mdomo kumwambia naitwa nani. "Sabini na mbili," akasema. "Ukitoa hiyo koti, sabini na moja." Nilienda kwa mwenye kununua mahindi nikapanda mizani ya magunia, ikasema sabini na tano. Niliporudi kumwambia, akasema mizani ndiyo mgonjwa. Nikacheka. Lakini niseme ya haki: baadaye mwenye mizani mwenyewe aliniambia ile kitu ilikuwa inazidisha, na wakulima ndio walikuwa wanaipenda.

Wanawake pia aliwasalimia hivyo hivyo. "Mama, umeongeza. Ni mimba ama ni chapati?" Wengine walimtukana, wengine walimjibu. Hakuna aliyemwona kuwa na nia mbaya, kwa sababu macho aliyoangalia nayo mtu ni yale yale aliyoangalia nayo ndama. Akimaliza kilo, anavuta kope la chini la jicho lako aone kama una damu ya kutosha. Pale sokoni watu walijifunza kufumba macho wakimwona.

Mimi ni mtu wa Majengo, Thika, na kazi yangu ni kununua mbuzi na kuuza mbuzi. Shule niliachia darasa la saba. Kwa hivyo hapa nitakapofika kwenye mambo ya dawa, mnichukue kama mtu anayeeleza sinema aliyoitazama akiwa nje ya dirisha. Nimejaribu kuandika niliyoyaona na niliyoyasikia kwa masikio yangu, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Daktari mwenyewe hakuniita jina hata siku moja. Aliniita Majengo. Mimi nilimwita Daktari, na mke wake, Mama Shiro, alimwita Baba Shiro siku za amani na Daktari siku za vita.

Kwanza lazima nieleze jinsi alivyonywesha mbuzi dawa, kwa sababu bila hiyo hakuna kitu kingine kitakachoeleweka.

Kunywesha mbuzi dawa ya minyoo kunaonekana kazi ya mtu yeyote mwenye chupa. Siyo. Mbuzi unamrudisha nyuma mpaka matako yake yaguse ukuta, kwenye kona, ili asiwe na pa kwenda. Unasimama juu yake, magoti yako yanabana mabega yake. Kidole gumba kinaingia pembeni mwa mdomo, pale ambapo hakuna meno, na mdomo unafunguka wenyewe. Chupa inaingia hapo hapo pembeni, unamimina pole pole, na unaangalia koo. Koo likipanda na kushuka, amemeza. Kosa ambalo kila mtu hufanya ni kuinua kichwa cha mbuzi juu kama mtu anayetazama ndege. Hapo dawa inaingia mapafuni. "Mbuzi anakufa na dawa," Daktari alikuwa akisema, "na minyoo iko hapo ndani inamcheka."

Akimaliza mbuzi mmoja, anamwekea alama ya chaki ya buluu nyuma ya sikio, asije akanyweshwa mara ya pili. Akimaliza alama, anataka mwingine, na mwingine, mpaka boma liishe. Hakukubali kutibu mbuzi mmoja na kuacha wenzake. Na akiondoka anamgeukia mwenye boma na kumwonya maziwa yasinywewe na nyama isiliwe mpaka dawa itoke mwilini. Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya mahakamani. Kuna mzee mmoja wa Murera aliyechinja kabla ya wakati, na Daktari alikataa kukanyaga boma lake tena, hata ng'ombe wa yule mzee alipokwama akizaa. Nisimwonee: alimtuma mtu mwingine akamsaidie ng'ombe. Mwenyewe alisimama barabarani nje ya ua, akipiga kelele za maelekezo kupitia kwa michongoma.

Alikuwa na huruma na wanyama kuliko na watu, hilo kila mtu alijua. Pale Membley, ambako watu wa mishahara walianza kujenga nyumba na kufuga ng'ombe mmoja mmoja nyuma ya jikoni, alikuwa anamnong'onezea ng'ombe Kikuyu kitamu kabisa, anamwita mami, anamwomba radhi kwa ubaridi wa mikono. Halafu anamgeukia mwenye ng'ombe, mtu wa tai na briefcase, anamwuliza kama alisomea ujinga ama alizaliwa nao.

Lakini ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amekonda na ana kupe masikioni. Mama Shiro alikuwa anasema, "Huyo ndiye ng'ombe pekee Ruiru hajawahi kuona daktari." Na mtu huyu aliyedunga maelfu ya sindano alikuwa anaogopa sindano. Akienda kudungwa anaangalia ukuta na kuimba wimbo wa kanisa. Na nyama ya mbuzi hakula. Nilimwuliza kwa nini. "Tunajuana sana," akasema.

Na hili ni la mwisho kabla sijaingia kwa ugonjwa. Kila alikoingia, jambo la kwanza alilotaka kuona ni mavi. "Usinieleze," alimwambia mwenye mnyama, "nionyeshe." Anachukua kijiti, anachokora, ananusa, anajua habari zote za ndani. Sasa mtu huyo huyo alikuwa anatoka damu chooni kwa muda mrefu, sijui muda gani, na hakumwambia mtu. Mama Shiro ndiye aliyegundua, kwa nguo. Alimkuta anazifua mwenyewe nyuma ya nyumba, na mwanamume wa umri ule akionekana anafua nguo zake pale Ruiru, lazima kuna kifo ama kuna mwanamke.

Ilikuwa kansa ya utumbo mkubwa. Alipasuliwa Nairobi, katika hospitali kubwa, wakakata kipande wakaunganisha. Alipoamka swali lake la kwanza lilikuwa kipande kilikuwa na kilo ngapi.

Siku ya kurudi kliniki, Mama Shiro aliniomba tuandamane, kwa sababu mume wake alikuwa bado dhaifu na alikuwa amesema angeteremka njiani kama angesikia harufu ya spiriti. Kwa hivyo haya ya hospitali niliyasikia mwenyewe. Aliyekuwa anamhudumia alikuwa daktari wa watu, mwanamke kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimweleza kwamba atapata sindano, na pamoja na sindano atakunywa tembe, siku tatu mfululizo kila baada ya wiki mbili, asubuhi, mchana na jioni, kwa mwaka mzima. Mzee wetu akachukua pakiti, akaisogeza mbali na macho, akasoma yale maandishi madogo. Akasoma tena. Akairudisha mezani kama mtu anayerudisha chenji ya uongo.

"Daktari," akasema, "kuna makosa hapa. Hii ni ya mbuzi."

"Si makosa, mzee. Ni levamisole."

"Najua ni levamisole. Mimi natoa minyoo na hii kitu tangu wewe uko nasari."

"Na ni kweli inatoa minyoo. Lakini wewe sikupi ya minyoo."

"Sasa unanipa ya nini?"

Yule daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye, jambo ambalo niliona ni la heshima kwa sababu foleni ya nje ilikuwa ndefu. Akamwambia hivi, na nimejaribu kuyaweka kama alivyoyasema. Kansa yenyewe wameiondoa kwa kisu. Lakini pengine zimebaki mbegu ndogo ndogo ambazo jicho haliwezi kuona. Sindano ni ya kuzipiga hizo. Tembe haipigi kitu. Mwilini kuna walinzi wa aina mbili: kuna wale wanaofundishwa, kama vile chanjo inavyofundisha, na kuna wale mtu huzaliwa nao, wasiongoja kufundishwa na mtu, wakiona kitu kigeni wanarukia. Kansa inajua kuwabembeleza walinzi walale. Tembe hii, wanavyofikiri, inawaamsha.

"Wanavyofikiri," Daktari akarudia.

"Ndiyo, mzee. Jinsi inavyowaamsha hatujui vizuri. Tumeona tu kwamba waliopewa pamoja na sindano, wengi wao kansa haikurudi kama kwa wale hawakupewa."

"Na mlijulia wapi, mara ya kwanza?"

"Ilianza kuonekana kwa panya."

"Panya!" Akanigeukia. "Umesikia, Majengo? Imetoka kwa panya, ikapitia kwa mbuzi, sasa imefika kwangu." Halafu akakumbuka jambo, uso ukabadilika. "Hujanipima."

"Kupima nini?"

"Kilo. Utajuaje kipimo bila kilo?"

"Hii haihitaji kilo zako, mzee. Kila mtu mzima anakunywa sawa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mimi nilimwona. Aliweza kuvumilia kansa, akavumilia kisu, hata panya angemvumilia. Lakini kuambiwa kwamba mtu wa kilo hamsini na mtu wa kilo mia watakunywa dawa sawa, hilo lilimpiga pahali pabaya. Yule mwanamke akamwonya kabla hatujatoka: "Na usithubutu kunywa ile ya dukani ya mbuzi. Jina ni moja, kipimo si kimoja. Na ukipata homa ama koo likiuma, uache tembe uje mara moja."

Wiki ya kwanza ya tembe, akakataa kunywa.

Hakukataa kwa maneno. Alikuwa anaweka tembe mdomoni, anakunywa maji, anasema asante, halafu anaenda kuitema kwenye sukuma wiki. Kuku mmoja aliokota moja, na Mama Shiro alisema kuku huyo alitembea kwa kiburi wiki nzima, ingawa mimi sina hakika, kuku wake wote walikuwa na kiburi. Mama Shiro akaificha tembe kwenye ndizi. Mzee akaifungua ndizi kwa vidole, akaitoa, akaiweka kando ya sahani. "Mimi nimeficha tembe kwa ndizi za mbwa wa Membley miaka yote," akamwambia. "Unanifanyia kazi yangu?"

Mama Shiro akanitumia ujumbe Thika kupitia kwa mtu wa maziwa, nije. Nilimkuta Daktari amekaa kwa kiti cha nje, blanketi mabegani, anaangalia ng'ombe wake mwenye kupe. Nikamwuliza kuna nini. Akanijibu vizuri, kama mtu mwenye akili zake, na ndiyo maana sitaki mtu asome hapa afikiri alikuwa mjinga.

"Majengo," akasema, "wewe hujawahi kuona mbuzi aliyezidishiwa hii dawa. Mimi nimemwona. Anatoa mate kama bomba. Anatetemeka. Anaanguka na upande. Kama mtu hajanipima, atajuaje hajanizidishia?"

"Lakini yule ni daktari."

"Hata mimi ni daktari."

Mama Shiro alikuwa mlangoni, ana tembe kwenye kijiko. "Baba Shiro," akasema, "mimi sijui kilo. Mimi najua hiyo kitu ikirudi nitakuzika. Shiro yuko fomu tatu. Nitamwambia nini, baba yako alikufa akibishana na mizani?"

Daktari akabana midomo. Hapo yule mama akanigeukia, na maneno aliyoniambia ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote.

"Majengo, wewe unajua kushika. Mshike."

"Mama Shiro, huyu ni mtu."

"Alikuwa mtu jana. Leo mrudishe kwa kona."

Nilisimama pale nikifikiria. Mtu amenizidi umri, amepasuliwa, anaheshimika mitaa yote kutoka Kahawa Wendani mpaka Murera. Na mimi ninavyojijua, si mtu wa kuamua haraka. Lakini nilimwangalia yule mama na kijiko chake mkononi, nikasema bismillahi, nikamsimamisha Daktari kwa kwapa, pole pole kwa ajili ya kidonda, nikamrudisha mpaka ukuta wa jikoni ukamgusa. Mama Shiro akasaga tembe, akaichanganya na maji kwenye chupa ya soda. Nikaweka kidole gumba pembeni mwa mdomo wake. Meno alikuwa nayo yote, hiyo ilikuwa tofauti ya kwanza na mbuzi. Tofauti ya pili, mbuzi hatukani. Mama Shiro akaja na chupa, na kwa ile haraka yake akamwinua kidevu juu.

"Si hivyo!" Daktari akapiga kelele. "Teremsha kichwa! Unataka iende mapafuni? Majengo, mwambie huyu mwanamke!"

"Teremsha kichwa, mama," nikasema.

"Sasa chupa pembeni. Pembeni! Hapo. Pole pole, hakuna mtu anafukuzwa."

Akamiminiwa. Tukangoja. Mama Shiro akaanza kuitoa chupa.

"Bado!" akasema kwa mdomo uliojaa. "Angalieni koo."

Tukaangalia koo. Likapanda, likashuka.

"Sasa," akasema, akipangusa ndevu. "Hiyo ndiyo kazi. Chaki iko wapi?"

Ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Zile siku za tembe nilikuwa nahamia Ruiru, nalala kwenye kibanda chao cha nyasi, na katikati ya kipimo na kipimo nazunguka Murera kununua mbuzi, kwa hivyo sidai kwamba nilijitolea sana. Biashara ilikwenda. Ramadhani ilipoingia, nilikuwa nimefunga na kipimo cha mchana lazima kinywewe. Daktari akaona aibu kumeza mbele yangu. Aliniomba radhi kila siku, halafu akinitazama anasema, "Umepungua mbili," kama mtu anayetoa rambirambi.

Alama ya buluu nyuma ya sikio alienda nayo kanisani. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye suti ya kahawia, alimwuliza mbele ya watu kama hiyo si ile alama ya mnyama iliyoandikwa kwenye Ufunuo.

"Ni ya mnyama kweli," Daktari akamjibu. "Mnyama ni mimi. Bila hiyo utaninywesha mara ya pili."

Yule mzee alihubiri juu ya jambo hilo Jumapili mbili. Kwa haki niongeze kwamba ni huyo huyo aliyekuja kumkamulia Mama Shiro ng'ombe wakati sindano zilimlaza Daktari, na alikuja na suti.

Kanuni zake zingine pia hakuziacha. Siku zile za tembe alikataa kukojoa karibu na sukuma wiki, akawaambia wageni kwamba kwa sasa yeye si wa kuliwa. Tulipoenda kliniki alimwuliza yule daktari wa watu, "Na wengine kwenye boma? Mke? Huyu Majengo?" Akajibiwa kansa haiambukizwi. "Hilo najua," akasema. "Mimi nauliza kanuni." Yule mwanamke akafikiri kidogo, akasema kanuni ni kwamba dawa ni ya aliyeandikiwa peke yake. Daktari aliikubali kanuni, lakini kwa uso wa mtu aliyeacha kazi katikati.

Lakini yale maneno ya walinzi yalimwingia. Sijui kama nilivyoyaelewa mimi ndivyo yalivyo. Yeye aliyatembeza kila kibanda cha chai. Alieleza kwamba yule wa chanjo ni kama polisi, mpaka apewe picha ya mwizi, na yule wa kuzaliwa naye ni kama mbwa wa nyumbani, hahitaji picha. Akasema shida ya kansa si mwizi wa nje, ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika, na ndiyo maana mbwa anatingisha mkia. Watu walikunywa chai wakamsikiliza. Kuna mmoja alimwuliza kama basi mtu hawezi tu kubweka mwenyewe. Daktari alilifikiria swali hilo kwa makini, akasema atauliza.

Pale Membley alimkuta mlinzi wa geti amelala mchana, kofia machoni. Akapiga geti kwa teke.

"Amka! Hivi ndivyo watu wanakufa!"

"Nalinda, mzee," yule mlinzi akasema bila kutoa kofia. "Nalinda nikiwa nimefunga macho."

Jibu hilo lilimsumbua kuliko kansa. Kliniki iliyofuata alimwuliza daktari wa watu kama inawezekana walinzi wa mwili nao wanalinda wakiwa wamefunga macho, na kama ni hivyo, wanaamshwa kwa nini. Yule mwanamke alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu akasema, "Mzee, hilo ni swali ambalo watu wanalisomea."

Kisha koo likamuuma. Ilikuwa katikati ya mwaka, na homa juu yake. Tukaacha tembe siku hiyo hiyo kama tulivyoonywa, tukampeleka. Walichukua damu, wakasema chembe nyeupe zimeteremka, ndio hao hao walinzi, wamekuwa wachache. Hilo lilitokea kwa watu wengine pia kwa dawa hii. Alilazwa. Mama Shiro alikaa kwa benchi la nje akimwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai, Ngai," pole pole, na mimi nilikaa upande wa pili nikijiuliza kama vidole vyangu ndivyo vilivyomwekea ugonjwa. Bado najiuliza wakati mwingine. Daktari alituona kupitia kwa mlango, akaita kwa sauti iliyokwaruza: "Nilisema mnipime!"

Damu ilirudi. Walipompa ruhusa, yule daktari wa watu alimwambia waziwazi: anaweza kuacha tembe hapo, hakuna atakayemlaumu, sindano zitaendelea. Au anaweza kuendelea na tembe, wakiangalia damu yake mara kwa mara. Hakumsukuma upande wowote. Aliongea naye kama daktari na daktari.

Njiani mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nitarudi Thika, kwa sababu mtu akipewa mlango wazi namna hiyo atatoka, na mimi ningetoka. Tukafika. Daktari akateremka, akaingia uani, akatembea mpaka ukuta wa jikoni. Akageuka. Akaegemeza mgongo kwenye kona.

"Haya," akasema. "Shikeni."

"Baba Shiro," mke wake akasema, "si sasa unywe tu mwenyewe?"

"Mkono wangu haukubali. Nimejaribu hospitalini, ukarudi chini." Akasogea zaidi ndani ya kona. "Nyinyi mna mikono. Shikeni kabla sijabadilisha nia."

Tukamshika. Hakutukana siku hiyo. Alifungua mdomo mpaka nikaona kaakaa, na Mama Shiro hakuinua kichwa.

Mwaka ukaisha. Mimi nikarudi kwa shughuli zangu, na yeye akarudi kwa ng'ombe wa watu, akiwa amepungua kilo ambazo hakuzitaja. Kila baada ya miezi alikuwa anaenda kuangaliwa, na kila mara Mama Shiro alikuwa anatuma neno kwa mtu wa maziwa: haijarudi. Tukazoea.

Halafu, baada ya ile mvua kubwa ya El Niño, wakati barabara za Majengo zilikuwa bado ni matope na mbuzi wote wanakohoa, nilimwona Daktari amesimama nje ya banda langu Thika. Hakunitajia kilo. Nilijua ilikuwa siku yake ya kliniki, na hakuwahi kutoka kliniki Nairobi akapita Ruiru kuja mpaka Thika. Uso ulikuwa umeanguka. Nikaweka chini ndoo niliyoshika.

"Imerudi?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Ugonjwa, Daktari."

"Ah. Huo haujarudi. Wameangalia kila mahali." Akapiga mkono hewani kama anafukuza nzi. "Dawa ndiyo imeondoka."

Nikamletea kiti. Nikamwambia kijana wa chai alete mbili. Nilikuwa nimekasirika naye kwa vile alivyonitisha, na nilikuwa na furaha, na vyote viwili nilivinyamazia.

Akanieleza. Daktari wa watu amemwambia kwamba wagonjwa wapya hawapewi tena ile tembe. Wamepata kitu kingine cha kutia pamoja na sindano, kinafanya vizuri zaidi. Na wale waliochunguza upya wanasema pengine tembe haikuwa inaongeza kitu, pengine sindano ilikuwa inafanya kazi peke yake wakati wote.

"Nikamwuliza," akasema, "sasa mimi? Nani aliniponya? Akaniambia, mzee, kwa mtu mmoja hatuwezi kujua. Lazima uwe na watu wengi, nusu wapewe, nusu wasipewe. Hilo nalijua, hata mbuzi ni hivyo. Lakini mimi siko wengi."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwaga nikatoka. Si makosa yake. Alitwambia tangu siku ya kwanza kwamba hawajui."

Chai ikaja. Hakuigusa. Nilifikiria ule mwaka wote, chupa ya soda, ukuta wa jikoni, mimi na kidole changu mdomoni mwa mtu mzima, na lile koo lililomuuma mpaka akalazwa. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji, lakini sikupata kitu ambacho ni cha kweli, na yeye uongo alikuwa anaunusa.

"Basi tulikuwa tunafanya nini, Daktari?" nikamwuliza mwishowe. "Mimi na Mama Shiro?"

Akawasikiliza mbuzi wangu wakikohoa. Halafu nikaona anaanza kutabasamu upande mmoja.

"Mimi nafikiri hivi," akasema. "Wale walinzi walikuwa wamelala, hilo ni kweli. Na waliamka. Lakini si kwa dawa. Waliamka kwa kelele. Mara tatu kwa siku wanasikia mwanamke anapiga nduru, Mswahili anasema bismillahi, mwenye mwili anatukana watu wote wawili. Nani atalala hapo?"

Nikamwambia hiyo si sayansi.

Akasema anajua, ndiyo maana amekuja kuniambia mimi na hakumwambia daktari.